Turubai Thelathini na Sita za Triana

Jumatatu, 8 Julai
Nimeshuka Sevilla. Joto nyuzi arobaini na mbili! Kwetu Burgos, kaskazini mwa Hispania, joto hili ni la kuokea mkate.

Jengo lenyewe liko mtaa wa Triana: ghorofa nne, nyumba kumi na mbili, madirisha thelathini na sita, yote uchi mbele ya jua. Turubai thelathini na sita za kivuli! Nikiikosa oda hii nafunga karakana, na mafundi wangu sita wanarudi kwao. Wakazi wanaamua Ijumaa.

Mpinzani ni mmoja, Curro Palomares, mwenyeji wa hapa. Mimi nilianza na sindano moja na ngazi ya kuazima. Yeye karithi karakana ya baba yake, pamoja na kitambi.

Nimechunguza. Saa kumi alasiri barabarani hakuna hata paka. Maana yake wateja wote wako ndani. Kesho!

Jumanne, 9 Julai
Kengele kumi na mbili kwa dakika mbili. Kasi safi. Vichwa kumi na kimoja vikatokeza madirishani, vyote vikitukana. Wa kumi na mbili ni kiziwi.

Mzee wa ghorofa ya tatu aliuliza kama kuna moto. Nikamjibu hapana, kuna punguzo la bei. Akanimwagia ndoo.

Bi Salud, mwenyekiti wa wakazi, akateremka na shuka begani. Akaniuliza, "Mwanangu, nani kafa?" Nikasema hakuna. "Basi mbona unatuamsha kama kuna maiti?"

Watu wazima, wamelala fofofo saa kumi! Kwetu mtu husinzia kitini dakika ishirini, tena kwa aibu.

Jumatano, 10 Julai
Nimemkuta Palomares kwenye baa ya chini na Bi Salud. Nimeyapima mazungumzo yao kwa saa yangu. Goti la Bi Salud: dakika arobaini. Harusi ya binamu: dakika ishirini na tano. Turubai: sifuri! Huyu mtu anafanya kazi saa ngapi?

Nikajipenyeza na sampuli za vitambaa. Bi Salud akanipigapiga shavu, akasema tutaonana, mwanangu, siku moja tutaonana. Nikamwomba ataje siku na saa. Palomares akapaliwa na zeituni. Bi Salud akacheka, akasema basi kesho, kesho.

Ahadi ni ahadi. Nimeiandika.

Alhamisi, 11 Julai
Nimesimama mlangoni kwa Bi Salud tangu saa mbili asubuhi. Saa tisa ndipo akatokea na kapu la sokoni. Muda wa saa saba juani! Akashtuka kunikuta. Akasema, "Jamani, huyu alidhani kweli!" Akaniburuta ndani nile.

Supu baridi ya nyanya. Samaki wa kukaanga. Tikiti. Palomares naye yupo, bila shaka. Nilipotandaza sampuli, Bi Salud akaweka maganda ya tikiti juu yake. Na wakishakula hawainuki! Sahani zimekauka, wao wanapiga soga. Nikafumba macho kidogo nikokotoe urefu wa vyuma.

Ijumaa, 12 Julai
ODA NI YANGU! Kura kumi na mbili kati ya kumi na mbili.

Palomares amenipongeza, halafu akaropoka. Eti jana nilikoroma sebuleni kwa Bi Salud mpaka saa kumi na mbili, viatu pembeni, mdomo wazi. Eti Bi Salud aliwaita majirani waje kunitazama, akawaambia, "Anayelala hivi kwa watu hana hila. Curro ni mtoto wetu, lakini pazia langu la jikoni aliahidi Machi, na hajasema Machi ya mwaka gani."

Uzushi! Nilikuwa nakokotoa. Sababu ni moja tu: kengele kumi na mbili kwa dakika mbili. Mteja hasahau kasi.

Bi Salud ameongeza mstari mmoja chini ya mkataba, kwa mkono wake: kelele yoyote kati ya saa tisa na saa kumi na mbili, mkataba umevunjika. Nimesaini bila kupoteza muda. Vibibi na vijimambo vyao!

Nimempigia fundi wangu Leandro aje Jumatatu na drili mbili kubwa. Tunaanza kutoboa kuta saa kumi kamili, watu wote wakiwa nyumbani kutufungulia milango.