Karatasi Mbili za I. Rolle

Jumatano, 24 Aprili
Leo historia imeandikwa! Afisa wa benki kuu kaja kisiwani kwetu Exuma kutoka mji mkuu, Nassau, kanikabidhi karatasi yangu yenye vimiraba vyeusi. Ni ya Dola ya Mchanga, pesa ya benki kuu isiyo noti wala sarafu, inayokaa ndani ya simu. Mteja anaelekeza simu yake kwenye karatasi, pesa inaingia kwenye simu yangu. Mimi Ishmael Rolle, muuza saladi ya konokono wa baharini, sasa ni mtu wa kisasa. Shemeji yangu Idamae Rolle, muuza saladi wa kibanda cha jirani, naye kapewa yake. Afisa akatuonya tuwe makini, maana kwenye simu za wateja sote tutasomeka "I. Rolle". Nikamwambia kisiwani hapa ukirusha jiwe linampata Rolle. Hakucheka. Watu wa mjini hao.

Alhamisi, 25 Aprili
Mke wangu Prunella kasema dada yake Idamae akinizidi tena siku ya mashindano ya mashua, kibanda kinafungwa, nami niende kufua mashuka hotelini. Mimi! Kweli, miaka kumi na moja foleni ya Idamae inafika gatini, na yangu haijawahi kupinda kona. Lakini akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu ni msitu.

Ijumaa, 26 Aprili
Nimezibadilisha karatasi! Idamae alipokwenda kununua pilipili mbuzi, nikabandika yangu kwake na yake kwangu. Kesho yeye akate vitunguu na kutokwa machozi, pesa ziingie kwangu. Jina ni lile lile, nani atashtuka? Nilijitazama kwenye kioo kwa muda mrefu. Nilipendeza.

Jumamosi, 27 Aprili
Mashua ya kwetu imeshinda. Nahodha kashika kipaza sauti, katangaza kwamba saladi ya Ishmael ndiyo iliyompa nguvu. Umati wote ukaja kwangu. Foleni mpaka gatini! Nilikata konokono mpaka vidole vikafa ganzi, huku nikitabasamu kama bwana harusi. Kila mteja alinionyesha simu: "I. Rolle, imelipwa, mjomba!" Kwa Idamae walikwenda vikongwe wanne, wote wakalipa noti. Simu yangu haikulia hata mara moja. Ndipo nikaikumbuka karatasi.
Prunella kataka kuona mapato. Nimemwambia mtandao umechoka, una haki ya kupumzika. Kaanza kuulizia sabuni ya mashuka.

Jumapili, 28 Aprili
Kanisani Idamae akasimama. Akasema jana simu yake ililia kutwa nzima ilhali wateja wake wanne wote walilipa noti, kwa hiyo pesa zile ni za shemeji. Akaongeza kuwa upepo wa kisiwa hiki una mikono ya kubadilisha karatasi. Waumini wakaangua kicheko, sijui kwa nini. Akanirudishia zote pale pale, simu kwa simu. Prunella akanibana mkono, akasema kibanda kibaki. Nilivimba kwa fahari mpaka kifungo cha shati kikaruka.
Mchungaji alipoona urahisi ule akasema kanisa nalo litachukua karatasi yake, kwa ajili ya sadaka. Akauliza ni nani mwenye uzoefu wa kuzibandika.
Nikanyoosha mkono wa kwanza, nimekubaliwa. Nimeomba nisisaidiwe na mtu.