Chombo cha Watu Watatu

Jumatatu, 3 Machi
Shemeji yangu kinyozi, kaka wa mke wangu, amenunua chombo cha kivita katika mchezo wetu wa simu, wa anga za mbali. Chekundu. Mizinga sita. Alinielezea yote sita huku akininyoa, na kisogo changu kimebaki ngazi ngazi. Jumamosi kundi letu linachagua nahodha. Anadhani ni yeye. Asahau! Ingawa mimi bado naruka na kile cha bure wanachopewa wageni. Umbo lake kama friji. Najua ninachosema, kazi yangu ni kutengeneza friji.

Jumanne, 4 Machi
Siku nzima nachagua. Cha kivita? Nitaonekana namwiga. Cha kuchimba madini? Taratibu mno. Mteja alikuja kuulizia friji yake, nikamwambia gesi inatulia. Sijaifungua. Jioni nimekipata: cha mizigo, kikubwa kama uwanja, kina jiko na vyumba vinane. Nyumba yetu ina viwili. Mtu hujikuna ajipatapo, walisema wahenga. Hawakuona punguzo hili.
Hela iliyopo ni ya godoro jipya. Nimemweleza mke wangu kwamba mgongo hupona ukilala pagumu. Alinitazama, akanyamaza. Nimehesabu kuwa ni ridhaa.

Jumatano, 5 Machi
Nimenunua! Nimekaa kwenye usukani, nimebonyeza kila kitu. Hakiondoki. Kumbe maelezo, ambayo nayaheshimu ila sikuyasoma, yanasema kinaendeshwa na watu watatu: wa usukani, wa injini na wa mzinga wa nyuma.

Ijumaa, 7 Machi
Natafuta wenzangu. Mke wangu amekataa kabla sijamaliza sentensi. Fundi cherehani wa duka la pili kutoka langu amekubali kushika injini. Hajui ni nini, lakini simu anayo. Kwa mzinga wa nyuma amebaki mama mkwe, aliyekuja kututembelea. Nilimwendea kwa adabu zote, shati la mikono mirefu, macho chini. Aliuliza kama ni dhambi. Nikasema ni mchezo. Akaagiza miwani yake.

Jumamosi, 8 Machi
Siku kubwa. Maharamia walitokea upande wa nyuma. Mama mkwe akawalipua wanne, kimya kimya, kama anachambua mchele. Kisha akalipua chombo chekundu.
Nilimwambia kwa unyenyekevu, "Mama, hicho ni cha mwanao."
"Angenisalimia kwanza," akasema, na kufuta miwani.
Wakati huohuo fundi cherehani alipata mteja wa suruali, akaiacha injini. Tukaigonga stesheni ya angani. Nusu yake haipo tena.
Kura zikapigwa. Mama mkwe ni nahodha, bila kupingwa. Shemeji naye alimpigia. Alisema anamwogopa tangu utotoni. Mimi nimepangiwa jikoni. Na kwa kuwa nahodha hamfichi binti yake kitu, mke wangu sasa anajua godoro linazunguka sayari gani. Nimehamishiwa kwenye kiti cha sebuleni.

Jumapili, 9 Machi
Shingo imekakamaa. Nimetafakari sana, nikaliona kosa langu: chombo kilikuwa kidogo.
Asubuhi wametangaza kingine. Hakijatengenezwa bado, kuna picha tu, labda baada ya miaka miwili. Kina bustani. Kinataka watu arobaini. Nimeuza friji yetu, nimelipia. Chakula kiko kwenye ndoo ya maji baridi, mke wangu hajarudi kutoka sokoni, nami nimeanza kuwapigia ndugu wa mama mkwe, nikianzia kwa wakali.