Ombi la Kurudishiwa Kikwazo cha Kemia

Kwako Bi. Denise Capaldo,
Mshauri wa Wanafunzi Wanaojiandaa kwa Udaktari.

YAH: OMBI LA KURUDISHIWA KIKWAZO

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na njia ya nyumbani kwako imeshasafishwa theluji. Mimi ni mama yake Britta Gunderson, mwanafunzi wako wa mwaka wa pili. Tulionana siku ya wazazi, mimi ndiye niliyeleta keki ya limau. Sipendi kusumbua watu, lakini umenitendea jambo zito, na nimeona nikueleze kwa mpangilio.

1. Umempatia binti yangu nafasi ya kwenda kusoma Denmark, kuanzia Januari hadi Juni. Sikatai kwamba ndiyo kazi yako. Ila mimi nilikuwa nimehakikishiwa kwamba haiwezekani. Kila mtu hapa mjini anajua kuwa mtoto anayetaka udaktari haendi popote. Ana kemia ya kaboni, sehemu ya kwanza na ya pili, na vyuo vya udaktari havitaki kusikia habari za maabara za ng'ambo. Ana fizikia. Ana mtihani wa kuombea chuo cha udaktari baada ya shahada hii. Ana saa zake za kumfuata daktari nyuma nyuma wodini, akitazama bila kugusa kitu. Mtoto wa jirani yangu Verna alipita njia hiyo hiyo, na miaka minne yote hakufika hata jimbo la jirani. Kwa hiyo Britta alipoanza hadithi za Denmark, sikuona haja ya kumkataza. Nilimwambia, "Wazo zuri, mwanangu. Kamuulize mshauri wako," nikaendelea kumenya viazi kwa amani.

2. Wewe hukufanya kama washauri wengine. Ulikaa naye mchana kutwa, ukaichukua ratiba ya miaka minne na kuihamisha kama mtu anayepanga upya makochi sebuleni. Kemia sehemu ya pili ukaisukumia kiangazi. Fizikia ukaipeleka mwaka wa tatu. Mtihani ukausogeza mbele, ukamwambia kwamba hata akipumzika mwaka mmoja kabla ya chuo cha udaktari, hakuna atakayekufa. Masomo ya historia na fasihi, ukasema atayasoma huko huko. Britta alirudi nyumbani hajavua hata viatu: "Mama, ratiba imeenea. Yote imeenea, na nafasi imebaki." Ilinibidi nifurahi, na nilifurahi kwa shida.

3. Hapa naomba niseme juu ya New Jersey ulikotoka, ambako watu husema wazi, wala sisemi kwa ubaya. Siku ile ya wazazi uliniuliza mbele ya watu, "Wewe mwenyewe unaonaje, aende?" Nikajibu, "Aende tu, msinijali mimi." Nawe ukaandika kwamba nimekubali. Bi. Capaldo, umeishi huku Minnesota muda gani? Hayo ndiyo makatazo makali kuliko yote tuliyo nayo. Ulipaswa kuniuliza tena, nami ningesema, "Hapana, kweli, nitazoea." Ukiniuliza mara ya tatu, ningesema kwamba hata goti langu linaloniuma si baya kiasi hicho. Hapo mtu yeyote aliyelelewa huku angejua kuwa safari imekufa. Hujaona kanisani kwetu kipande cha mwisho cha keki kinavyokatwa nusu, kisha nusu ya nusu, mpaka inabaki chembe isiyo na wa kuichukua? Kila mtu anakitaka. Wewe ulikuja ukakila chote, ukasema asante.

Verna anasema, "Marlys, si umwambie tu mtoto kilichoko moyoni?" Lakini Verna mama yake alikuwa mtu wa Chicago.

4. Nimesoma maelezo ya masomo ya huko Denmark. Imeandikwa kwamba wanafunzi watawatembelea wazee wanaoishi peke yao, wajifunze jinsi ya kuwatunza. Nimeisoma sentensi hiyo zaidi ya mara moja. Baba yake Britta, Orrin, alitutoka kabla binti hajaanza chuo, kwa hiyo kuanzia Januari nitakuwa naishi peke yangu hasa. Sasa kwa nini avuke bahari kwenda kuwatazama wazee wa watu, na wa kwake ameachwa jikoni? Ni kweli nina miaka hamsini na tisa tu, lakini naweza kujitahidi. Goti tayari ninalo. Kusahau naweza kuanza wiki hii. Mkihitaji upweke, utakuwepo wa kutosha siku za Ijumaa, maana Ijumaa ndipo Britta anaporudi kutoka chuoni, na tunakwenda kula samaki wa kukaanga ukumbini pamoja na mji mzima. Ile meza siwezi kuikalia peke yangu, watu waje mmoja mmoja kunishika bega.

5. Kwa hiyo naomba mtangaze kemia ya kaboni sehemu ya tatu, inayofundishwa Februari peke yake. Walimu wa kemia wakigoma, basi waleteni Wadenmark huku. Nina vyumba viwili vitupu, na baridi wameizoea. Hilo nalo likishindikana, niandikisheni mimi niwe somo. Britta atanitembelea kila wiki, ataandika ripoti, mtampa alama. Naahidi kuwa mgonjwa mkaidi ili ajifunze vizuri.

Nisalimie wote hapo ofisini kwenu. Yule dada wa mapokezi aliyetaka kujua namna ya kupika ile keki, mwambie asipunguze siagi.

Ni mimi, nisiye na kinyongo hata kidogo,
Marlys Gunderson

Nyongeza: Britta ameingia jioni hii nikiwa nabandika stempu kwenye bahasha, akaikuta barua mezani. Ameisoma yote akiwa amesimama, koti bado liko mwilini. Nilidhani atacheka. Akaketi, akasema, "Basi siendi, Mama. Jumatatu nitamwambia Bi. Capaldo. Denmark haikimbii." Kisha akafungua kitabu cha kemia.

Ndicho nilichokuwa nakitaka, na nilikipata bila hata kutuma barua. Nikamwangalia anavyogeuza kurasa bila kusoma. Ni uso ule ule aliokuwa nao kwenye mazishi ya baba yake, alipokuwa akijizuia asilie ili mimi nisilie. Nimekuwa nikimtegemea mtoto huyu kuliko ilivyo haki. Nikamwambia, "Britta, nitalia kila Ijumaa mpaka Juni, na nataka uende." Tumelia kidogo, tukaenda kula samaki.

Barua naituma hivyo hivyo kwa kuwa stempu nimeshaibandika. Usitekeleze hata moja kati ya niliyoomba. Na huyu binti ana huruma kupita kiasi, kwa hiyo akija Jumatatu kukuambia ameghairi, mkatalie.