Kiti cha Pareto na Koti la Hezekia

Jumatatu, 7 Juni 1954. Makambako.
Jumamosi tunachagua mwenyekiti wa chama cha wakulima wa pareto. Kiti changu hicho. Mpinzani ni mmoja tu: Hezekia, Mkinga wa Makete aliyehamia hapa mwaka juzi. Hana shangazi hapa, hana mjomba, hana wa kumpikia uji akiugua. Ila watu wanasema ni mwaminifu. Inaniudhi. Dawa yake ni kumfanya kichekesho cha watu.

Jumanne, 8 Juni.
Nimemwigiza gulioni. Koti lake la jeshi linalofika vifundoni, mwendo wake wa kuku aliyekanyaga umande. Watu wamecheka mpaka machozi. Hata yeye kacheka, mjinga! Akaniambia bega lake la kushoto linashuka zaidi. Kweli linashuka. Nimerekebisha.

Alhamisi, 10 Juni.
Nimemwigiza kilabuni, kisimani na mlangoni pa kanisa. Kazi inakwenda. Sasa Mzee Manase, mkubwa wa ukoo wetu, kaniuliza Hezekia ni binamu yangu kwa upande gani. Nikasema hatuna undugu. Akacheka. Akasema hapa kwetu anayekudhihaki hadharani hivyo ni mtani wako, mtoto wa shangazi au wa mjomba. Asiye ndugu angekuwa amekwisha kushtakiwa barazani. Mke wangu Dorika naye kanilaumu kwa kumficha shemeji yake muda wote huu. Tayari kampelekea viazi.

Jumamosi, 12 Juni.
Bwana Shauri, afisa wa serikali, amekuja kutoka Njombe kusimamia uchaguzi. Watu wakaambiwa wapange mstari nyuma ya wanayemtaka. Mstari wa Hezekia ulifika barabara ya Iringa. Ukoo wangu wote umo! Dorika wa tatu. Nyuma yangu alisimama jirani yangu Linus peke yake, naye alikuwa akijikinga upepo.
Nimelia kidogo. Hezekia alidhani ni baridi, akanivisha lile koti. Akasema tangu atoke Makete hakuna aliyemfanya ndugu hapa ila mimi, na kwamba bila mimi asingepata hata watu kumi. Nikafunga vifungo. Koti lina joto sana.

Jumapili, 13 Juni.
Kanisani nimeketi na binamu yangu. Mtu mwema, nampenda, basi tu. Kumbe kiti cha katibu bado ki wazi, na Methusela anakitaka. Yule mwenye masikio! Nimekwisha kuanza mazoezi mbele ya kioo. Kwa Hezekia kosa langu lilikuwa moja tu: nilimcheka kidogo mno.