Mistari Kifuani mwa Guntur

Jumatatu, 4 Agosti
Picha imepatikana! Ilikuwa nyuma ya kabati la chama chetu cha wafuga tetere. Mchwa wamekula pembe moja na jina lote lililoandikwa nyuma yake. Kilichobaki ni mwaka 1963, tundu, ndege na kikombe cha maji ndani yake, na mkono wa mtu. Kichwa cha huyo mtu, mpiga picha alikikata. Bingwa wa kwanza wa kuimba mjini kwetu, na hatujui alikuwa wa nani!

Kombe la tarehe 17, Siku ya Uhuru, litapewa jina la ndege huyo. Mimi nasema ni Guntur, wa babu yangu, Mbah Karso. Jirani yangu Pak Tukiran anasema ni Sekar, wa babu yake. Alisema akitabasamu. Mtu mkweli hatabasamu vile.

Mwamuzi ni Bu Ratmini, mwalimu mstaafu wa biolojia. Kwake jambo ni rahisi. Sekar alikuwa tetere wa hapa hapa Java: mistari ubavuni tu, katikati ya kifua hakuna kitu. Guntur aliletwa na askari kutoka kisiwa cha Sumba, na tetere wa kule mistari humvuka kifua kizima. Basi tutazame kifua. Nikatazama. Ukungu, doa la kahawa, na kitu kama mistari. Mistari! Nilipiga kelele. Tukiran akasema hicho ni kivuli cha fito za tundu. Bu Ratmini akaipiga picha ile kwa simu yake, akaguna, akasema jibu ni Jumamosi. Kwa nini Jumamosi? Kuna nini hapa katikati?

Jumanne, 5 Agosti
Mama ana miaka sabini na tisa. Guntur alikuwa akila mkononi mwake. Ameomba nimpeleke kwa Bu Ratmini akatoe ushahidi. Anasema anataka kusikia ndege wa baba yake akitajwa kwenye kipaza sauti, hata mara moja, kabla hajaondoka duniani. Nusura nilie.

Kisha nikaona mezani sahani ya tempe, vile vipande vya soya vya kukaanga. Nikauliza imetoka wapi. Imetoka kwa Tukiran, na eti yule ni mtoto mwema sana. Kumbe! Shahidi wangu amenunuliwa kwa vipande vitano vya tempe. Nimemwambia Mama apumzike nyumbani, mambo haya aniachie mimi. Tempe nimeila yote, isije ikaendelea kumshawishi.

Jumatano, 6 Agosti
Asubuhi nilipandisha tundu la tetere wangu juu ya mlingoti. Akalala. Mwaka wa tatu huu hajaimba mbele ya watu. Wa Tukiran aliimba mpaka wauza mboga wakasimama. Anampa nini yule ndege?

Saa nne nimemwona Tukiran dukani akinunua kifutio. Kifutio! Nikamuuliza cha nini. Cha mjukuu, kasema. Mjukuu mwenyewe ana miaka miwili! Atafuta mistari ya Guntur, hilo halina mjadala. Dawa yake ni kumtangulia. Nimechukua wanja wa nyusi wa mke wangu, Sulastri.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimejitolea kufuta vumbi kwenye ofisi ya chama. Mlinzi alishangaa. Aliniuliza kama naumwa.

Mstari wa kwanza ulikuwa wa kukoleza tu. Lakini kushoto kukazidi kulia, nikaongeza kulia. Kulia nako kukazidi. Nilipoacha, mistari ilikuwa kumi na tisa. Kwa mbali anapendeza. Kwa karibu ni pundamilia, ila nani atatazama kwa karibu?

Ijumaa, 8 Agosti
Sulastri anatafuta wanja wake. Nimemwambia mke wa Tukiran alikuja juzi kuazima mbuzi ya nazi, labda alipita nao. Ameenda kuuliza. Nimesikia sauti zikipanda. Nimefunga dirisha.

Jumamosi, 9 Agosti
Mama alivaa kebaya, ile blauzi yake ya harusi za wajukuu, akakaa mstari wa mbele ukumbini. Sikumwalika. Ameletwa na Tukiran kwa pikipiki!

Bu Ratmini alifungua kabati, akaitoa picha, akaisogeza karibu na macho. Sikupenda ule ukaribu. Kisha akauliza ni nani aliyeishika. Watu wakasogea. Sikuwa nimelifikiria jambo moja: fito za tundu ziko mbele ya ndege. Mistari yangu ilikuwa imepita juu ya fito zenyewe. Tukiran ndiye aliyepaza sauti: “Jamani, hata fito zina mistari! Tundu nalo limetoka Sumba?” Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Sulastri hakucheka. Alinusa picha, akanitazama, akasema: “Wanja wangu huu.”

Halafu Bu Ratmini akafungua bahasha. Alikuwa ameandika jibu tangu Jumanne, kwa ile picha ya simu. Akasema kivuli cha fito hunyooka, tena huangukia hata kikombe cha maji. Mistari ile ilipinda na kifua, na kikombe kilikuwa safi. Kwa hiyo ilikuwa ya ndege mwenyewe. Guntur! Niliruka. Mwenyekiti akaniambia nikae. Sheria ya chama: anayeharibu ushahidi ameshindwa. Kombe litaitwa Sekar. Tukiran aliomba wanisamehe, kwa ajili ya Mama. Walikataa.

Mama nilirudi naye nyumbani. Mlangoni akasema: “Baba alimlea miaka tisa. Wewe umemmaliza kwa wanja.” Akaingia chumbani. Niliona haya. Naandika kweli, niliona haya.

Jumapili, 10 Agosti
Nimefikiri usiku kucha. Bu Ratmini aliipiga ile picha siku ya kwanza kabisa. Kwa nini? Mtu asiye na mpango hafanyi hivyo. Na Tukiran kuniombea msamaha mbele za watu! Wamepangana, hawa. Tena leo nimepita kwake, mjukuu alikuwa anatafuna kifutio. Wamemfundisha.

Lakini mlinzi ameniambia kabatini kuna picha nyingine, ya bingwa wa 1964. Nayo ina ukungu. Kifua hakionekani vizuri.

Sulastri ameficha wanja wake. Nimenunua wangu, mwembamba zaidi. Safari hii fito nitazikwepa.