Milango Minane ya Bulaimu

Jumatatu, 8 Machi 1982
Kindu nzima, anayejua poker ya Kiamerika njo mimi Bulaimu peke yangu. Nilifundishwa kule Kama, machimboni, na rubani wa ndege ya dhahabu. Nilimfunga hata akalia. (Nilikuwa mbeba mizigo wake, lakini alilia.) Karata mbili mkononi, tano mkekani. Ukiwa nyuma, hesabu karata zilizobaki za kukuokoa. Mimi naziita milango. Mjinga anaona iliyo wazi. Mimi naona hata iliyofichwa.

Jumatano, 10 Machi
Karata za Masudi, muuza chai wa mtaa wa Kasuku, zimebaki na karata moja tu ya nne, tatu zimepotea. Nimemkatia nne tatu nyingine kwa katoni ya sabuni. Akasema ni nene, hazichanganyiki. Nikamwambia achemshe chai, ufundi aniachie.

Alhamisi, 11 Machi
Jumamosi tunacheza, na Okito wa reli anaweka baiskeli yake. Nami niweke nini? Dada yangu Mwavita, mjane, ana cherehani ya marehemu. Wapwa zangu watatu wanakula kwa sindano ile. Nimemwambia inalia, naipeleka kwa fundi Sudi itiwe mafuta. Akauliza itarudi lini, kaka, niko na sare za watoto wa watu. Nikasema Jumamosi, tena juu ya baiskeli.

Jumamosi, 13 Machi
Tulimaliza salongo, kufyeka majani barabarani, tukaketi kwa Masudi. Nikapata asi mbili, karata kubwa kuliko zote. Mkekani nane, tano, vale yule kijana wa mfalme, nne; ikabaki moja kufunuliwa. Okito akafunua nane na tano, jozi mbili. Akasema: "Mzee Bulaimu, beba cherehani urudi nyumbani. Ningali na huruma."

Watu waliona milango miwili tu, asi zilizobaki. Mimi nikaona sita ya siri: vale tatu na nne tatu. Yoyote ikianguka mkekani, nami nina jozi mbili, tena za asi. Nyumba ya milango minane, nani atafungiwa ndani? Nikaisukuma cherehani katikati.

Ikaanguka dame, malkia, si mlango wowote.

Masudi akauliza nilihesabuje nane. Akainua birika. Nne zangu za katoni ziko chini yake, zimevimba kwa mvua, zinalikinga lisitikisike. Tangu jana. Barza nzima pale kwa Masudi ilijua.

Jumatatu, 15 Machi
Okito amekwisha kuiuza cherehani kwa mtu wa Kama. Wenye sare wamekuja kudai vitambaa vyao. Mwavita hakulia. Alisema polepole: "Kaka, marehemu aliniachia sindano. Wewe unaniachia nini?" Nikamweleza ni kosa la Masudi.

Jumanne, 16 Machi
Alfajiri Mwavita ameondoka na watoto, kwa miguu, kwenda kulima kwa wakwe zake Pangi. Mdogo ana homa, kambeba mgongoni. Hakuniaga.

Hesabu yangu ilikuwa sawa, karata njo zilipungua. Chumba cha Mwavita kimebaki kitupu. Kitanda iko, na bati za juu bado mpya. Nimemtumia Okito habari: Jumamosi, baada ya salongo, naweka bati.