Nilivyojiteua Mkaguzi wa Pipa la Bahati Nasibu

Leo nimejivua nguo mbele ya usharika mzima hapa Mlandege. (Koti tu, lakini subirini.) Naandika mapema kabla hamjasikia kwa wanakwaya, maana wao wataongeza chumvi, na chumvi iliyopo inatosha.

Mnaonifahamu mnajua siamini mtu kirahisi. Nauza maharage sokoni. Nimeona debe lililobonyezwa kitako, nimeona mawe katikati ya gunia, nimeona mzee wa heshima akiweka dole gumba kwenye mizani. Kwa hiyo usharika ulipotangaza bahati nasibu ya kuezeka zahanati, wenzangu walisikia zahanati. Mimi nilisikia bahati nasibu.

Mchezo wenyewe uko hivi. Unanunua tiketi, inakatwa vipande viwili. Kimoja unaondoka nacho, kingine chenye jina lako kinaingia kwenye pipa. Siku ikifika pipa linatikiswa, mtu anachomoa, jina linasomwa. Unapeleka kipande chako, vikilingana zawadi ni yako. Zawadi ya tatu gunia la mchele wa Madibira, ya pili baiskeli, ya kwanza ng'ombe wa maziwa, mtamba mwenye mimba. Mke wangu, Mama Neema, aliposikia habari ya mtamba akaenda kupanda majani ya ng'ombe nyuma ya nyumba. Tiketi alikuwa hajanunua bado.

Sasa mwaka jana nani alishinda? Shemeji yake mhazini! Mhazini wetu anaitwa Mama Kihwele. Yeye anauza tiketi, yeye anatunza pipa, halafu shemeji yake wa Kalenga ndiye anayeondoka na zawadi. Nilipomuuliza alinijibu kwa upole kwamba shemeji yake hununua kitabu kizima cha tiketi, sisi wengine tunanunua mojamoja, kisha tunashangaa. Eti mwenye vipande vingi ndani ya pipa, mkono unamkuta kirahisi zaidi. Nikasema moyoni, mwizi gani amewahi kukosa maelezo?

Mama Neema alitaka tiketi tano. Nikamkatalia. Nikamwambia mambo yameshapangwa, tununue moja tu ili tuwe na haki ya kuuliza maswali. Akanunua moja kwa hela yake ya mayai, ikaandikwa jina langu kwa kuwa ndiyo heshima ya nyumba. (Nayajutia yote niliyosema siku ile, pamoja na ya heshima.)

Kisha nikaenda kwenye kamati na masharti yangu. Nilitaka pipa ligeuzwe kitako juu mbele ya watu kabla vipande havijamiminwa. Nilitaka mchomoaji awe mikono wazi hadi kwenye viwiko, maana mkono wa nguo unaficha mengi. Na lile kubwa kuliko yote, ambalo nililala nalo na kuamka nalo, ni kwamba yeyote atakayetia mkono kwenye pipa, yeye na watu wa nyumba yake wasipewe zawadi. Nililisema huku namkazia macho Mama Kihwele. Hakupepesa. Alisema ni sharti zuri, litamwondolea maneno, na akaomba pipa lihamie ofisini kwa mchungaji. Kamati nzima ikakubali bila ubishi, na hapo nikapata wasiwasi zaidi. Watu wa kamati hawakubaliani hata kuhusu rangi ya mlango, leo wamekubaliana na mimi?

Basi leo. Baridi ya mwezi wa saba mnaijua. Nikavaa koti langu zito la mtumba, nikaketi benchi la mbele ili nisipitwe na kitu. Ibada ikaisha, mnada wa sadaka za kuku na maboga ukaisha, pipa likaletwa uwanjani. Mtamba alikuwa amefungwa pale kwenye mti wa mparachichi, mweusi na mweupe, anatafuna taratibu. Mama Neema alikuwa amekaa kwa wamama, hatazami watu, anamtazama yeye.

Wazee wawili wakaligeuza pipa kama nilivyoagiza. Nikawaambia wagonge kitako. Wakagonga. Nikawaambia wagonge tena. Mchungaji akasubiri kwa uvumilivu wa kazi yake, vipande vikamiminwa, pipa likatikiswa, akauliza nani atachomoa.

Watu wote wakatazama viatu vyao.

Mtu mwenye akili angeelewa pale pale. Kila mmoja alikuwa na tiketi, na kwa sharti langu, atakayechomoa amejinyima ng'ombe. Mimi nikaona njama. Nikajua wanasubiri mtu wao waliyempanga ajitokeze kama vile kwa bahati. Damu ikanichemka. Nikasimama kabla hajatokea huyo mtu, nikasema nitachomoa mimi.

Mama Neema naye akasimama. Akainua juu kipande chetu cha tiketi, anakipunga. Nikaona ananitakia heri. Nikamwinamia kichwa kidogo, kama mgeni rasmi. (Ndiyo. Niliinamisha kichwa.)

"Mikono wazi hadi kwenye viwiko, Baba Neema," akasema Mama Kihwele kwa sauti tamu. "Ni masharti."

Mikono ya koti langu ni minene, haikunjiki. Ikabidi nilivue. Nyie wa Dar hamtaelewa, lakini huku Iringa wakati wa baridi shati hupigwa pasi kola na kifua, basi. Sehemu nyingine ni siri ya mtu na koti lake. Shati langu mgongoni lilikuwa na tundu la kupitisha boga, na nyuma yangu ilikuwa imesimama kwaya nzima. Sauti ya kwanza walianza, sauti ya pili na ya tatu wakafuata, na haukuwa wimbo. Nikakaza uso. Nikajiambia haki haijawahi kuja bila gharama.

Nikachomoa mchele, ukaenda kwa bibi mmoja mjane, watu wakashangilia. Nikachomoa baiskeli, ikaenda kwa mpiga kinanda. Nilikuwa naanza kuipenda kazi. Mchungaji akasema sasa zawadi ya kwanza, pipa likatikiswa, nikazamisha mkono hadi chini kabisa, huko ambako wezi hawafiki. Nikatoa kipande. Nikakiinua wote wakione. Nikasoma jina kwa sauti.

Lilikuwa langu.

Kwa muda mfupi nilifurahi, nisiwafiche. Nilimwona mtamba yuko nyumbani, namwona Mama Neema anakamua. Halafu nikaona nyuso za watu. Mzee mmoja akasema kwa utulivu kwamba afadhali wa mwaka jana walikuwa wakiiba kwa adabu. Mwingine akataka nikaguliwe kwapani. Mimi! Nikanyoosha mikono juu wanione, na tundu la mgongoni likaongezeka.

Mama Kihwele hakucheka. Alisogea, akamkumbusha mchungaji sharti, neno kwa neno jinsi nilivyolisema: atakayetia mkono kwenye pipa, yeye na watu wa nyumba yake.

"Lakini mama, sharti lile halikuwa kwa ajili yangu," nikasema.

"Lilikuwa kwa ajili ya nani, Baba Neema?"

Nilikuwa na jibu, na jibu lenyewe lilikuwa limesimama mbele yangu linaniuliza. Nikasema lilikuwa kwa ajili ya watu wote. Basi, akasema mchungaji, na wewe ni mmoja wa watu wote. Akaniomba nichomoe tena, kwa kuwa mikono yangu imeshakaguliwa na kila mtu.

Nikatia mkono. Sikuzama chini tena, sikuwa na nguvu hiyo. Nikachukua kilichonigusa vidole. Nikakisoma kimoyomoyo, nikakirudia, nikatamani nikimeze.

Shemeji wa Kalenga.

Alikuja mbele na kitabu chake kizima cha vipande, akatafuta, akakipata, vikalingana. Mama Kihwele alikuwa amekaa mbali na pipa, mikono mapajani, hajagusa kitu tangu asubuhi. Mchungaji akaniuliza mbele ya watu kama mkaguzi ameridhika. Nikasema nimeridhika. Kwaya ikaomba nirudie kwa sauti.

Njiani nilitaka Mama Neema anigombeze. Hakunigombeza. Alitembea mbele, kile kipande bado kiko mkononi, na tulipokaribia nyumbani akasema tu, "Na kama ungekaa kwenye benchi lako?" Hilo ndilo lililoniuma, kuliko kwaya, kuliko tundu. Miezi yote ile alikuwa akimwagilia majani. Nimemwomba radhi, na sio kwa mzaha.

Jioni hii mlango umebishwa. Shemeji wa Kalenga. Salamu za kamwene nyingi, habari za nyumbani, pole kwa yaliyotokea. Ng'ombe anaye, ila hakuwa ameandaa malisho, na amesikia Mama Neema ana majani mazuri. Mama Neema amemkaribisha chai. Wamepatana bei mimi nikiwa nimekaa pale kama kiti. Mama Neema ameahidiwa ndama pia, akizaliwa jike, amlipie taratibu kwa majani. Amesema mwakani atanunua tiketi tano, na siku hiyo mimi nitaenda kumsalimia mama mkwe.

Kwa sasa niko nyuma ya nyumba na mundu, nakatia majani ng'ombe niliyejishindia kwa mkono wangu na kumgawa kwa mkono huo huo. Msinicheke, baridi ni kali na koti nimelisahau kanisani.

Na bado nasema pale kuna mchezo. Shida ni kwamba kila nikimtafuta mtuhumiwa, namkuta hana koti.